Barua ya Wazi kwa Wanaoamua Nani ni Mbajuni

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza na maafisa wake wanaoshughulikia maombi ya hifadhi. Kwa majaji wa mabaraza ya rufaa za uhamiaji. Na kwa mawakili na wahadhiri wa sheria wa Glasgow na wa miji mingine ya vyuo vikuu wanakoishi watu wetu.

Waheshimiwa,



Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kusudi. Lugha hii mmeichukua kuwa ushahidi dhidi ya watu wetu, basi nimeona na itumike pia kuwatetea. Mimi ni Mbajuni. Nimezaliwa Koyama, nimekulia Kismayu, vita vilipotufikia nikavuka hadi Mombasa, na baadaye nikarudi. Wakili wa Ulaya akitaka kujua kama fulani kweli ni mtoto wa fulani wa kisiwa fulani, simu huishia kwa wazee kama mimi. Tunaulizwa nasaba, tunaitaja, kisha hatusikii tena habari ya kesi mpaka jamaa watuambie kuwa kijana amekataliwa: imeandikwa kwamba yeye si Msomali, ni Mkenya aliyejisingizia.

Simtetei kila anayejiita Mbajuni. Wapo waliojipachika jina letu ili wapate hifadhi. Tunalijua hilo na linatuuma, maana uongo wao ndio unaotia shaka ukweli wetu. Hatuombi mlango uachwe wazi kwa yeyote. Tunaomba njia ya haki ya kupambanua, kwa sababu hii mliyo nayo inamwacha mkweli asiye na maneno mengi akianguka, na mwongo aliyekariri ramani akipita.

1. Mpaka mnaotupimia mliuchora nyinyi.

Wabajuni, au Watikuu kama wazee wanavyojiita, wameishi kwenye mwambao mmoja na visiwa vyake tangu kabla ya serikali zote mnazotuuliza habari zake. Makazi yetu ni Kismayu, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, kisha Burkavo na Kiamboni, hadi Kiunga, Kiwayu, Ndau, Kizingitini na Faza. Uingereza ilipoitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki mwaka 1895, Kismayu na Lamu zilikuwa ndani ya himaya hiyo moja. Mwaka 1915, mjini London, Italia iliahidiwa fidia ya ardhi barani Afrika ikiwa itaingia vitani upande wa Uingereza na Ufaransa. Deni hilo likalipwa kwa nchi yetu. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1924, na mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu na visiwa, ikakabidhiwa kwa Italia.

Tangu hapo ndugu wa baba mmoja wamekuwa watu wa serikali mbili, lakini ndoa, mazishi na uvuvi havikuufuata mpaka huo. Mwanamke wa Chula huolewa Kiunga, na mwanawe akarudi Chula kulelewa na bibi yake. Mvuvi wa Faza hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, Kiamboni msimu mzima na hakuna anayemwona mgeni. Katika mazingira hayo mnataka usemi wa mtu ukatike pale hasa ulipokatika mkataba wa 1924. Hakuna mtaalamu wa lugha mwenye heshima zake atakayewaambia kuwa usemi hukatika hivyo.

2. Lugha.

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wetu wengi walipoangukia.

Ieleweke kwanza Kibajuni ni nini. Ni lahaja ya Kiswahili ya kaskazini, jirani wa Kiamu, lahaja ya Lamu. Ina sauti zake: watu kwetu ni wachu, na tatu ni chachu. Mwitalia Vinigi Grottanelli aliishi na wavuvi wetu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka mwaka 1955. Derek Nurse, aliyekuwa profesa wa isimu kule Newfoundland, Kanada, alianza kuchunguza Kibajuni tangu miaka ya 1970, na mwaka 1993 yeye na Thomas Hinnebusch wakatoa kitabu kikubwa cha historia ya Kiswahili na lugha zilizo karibu nacho. Maarifa yapo basi, na yanapatikana kwa anayeyatafuta.

Sasa tazameni yaliyoipata lahaja hiyo. Mwaka 1972 Somalia ilichagua hati ya Kilatini kwa Kisomali, na shule zetu zikawa za Kisomali. Kijana wa Kismayu akawa anasema Kisomali barabarani na Kibajuni kwa bibi yake. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Wanamgambo wakaja Kismayu kwa zamu, kila kundi likiitaka bandari, na sisi tusiokuwa na ukoo wenye bunduki tukawa windo la kila kundi. Nyumba zilitwaliwa, mashua zilitwaliwa, na wanawake walifanyiwa mambo ambayo sitayaandika hapa. Watu wakapanda majahazi kwenda Kenya. Wengi walikaa kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, hadi ilipofungwa mwaka 1997. Baadhi wakarudishwa visiwani, wengine wakajitosa mitaani Mombasa na Malindi bila karatasi yoyote.

Mtoto aliyeingia Jomvu akiwa na miaka mitatu alitoka akiwa na tisa. Miaka hiyo ndiyo ulimi wa mtoto hutengenezwa. Alicheza na watoto wa Kimvita, akasoma madrasa kwa mwalimu wa Mombasa, akanunua maandazi kwa Kiswahili cha Mombasa. Kibajuni alikisikia kwa mama yake usiku. Mtoto huyo akifika Uingereza akiwa mtu mzima, mnamrekodi kwa simu kwa muda mfupi, kisha ripoti inasema lugha yake ni ya Kenya. Huenda ripoti imesikia sawasawa, lakini haikuwaambia alizaliwa wapi wala nani aliichoma nyumba yao.

Lipo jambo jingine ambalo kila mtu wa pwani analijua. Mbajuni akizungumza na mgeni huiacha lahaja yake. Ni adabu, na pia ni haya, kwa sababu tumechekwa kwa usemi wetu kwa miaka mingi, Lamu na Mombasa. Anayehojiwa akisikia upande wa pili Kiswahili sanifu hujitahidi kujibu kwa sanifu, apate kueleweka, awaheshimu wakubwa. Heshima hiyo ndiyo inayoandikwa baadaye kuwa dalili ya udanganyifu.

Wataalamu walishawatahadharisha. Mwaka 2004 wanaisimu 19 kutoka nchi kadhaa walitoa miongozo ya kutumia uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Walisema waziwazi kuwa lugha haiwezi kuthibitisha uraia, kwamba kinachoweza kuonyeshwa ni jamii ambamo mtu alijifunzia kusema, na kwamba kuzungumza lugha tangu utotoni hakumtoshi mtu kuwa mchambuzi wake. Miaka sita baadaye, katika kesi ya mwanamke anayetajwa kwa herufi RB, aliyesema ni Mbajuni, baraza lenu la rufaa liliziamini ripoti za lugha za kampuni ya Sprakab ya Sweden na kuzipa uzito mkubwa, ingawa wachambuzi wake hawatajwi majina. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2012.

Ilibidi kusubiri kesi nyingine, iliyotoka Uskoti. Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa hukumu iliyoandikwa na Lord Carnwath, iliwajibu walalamikaji wawili waliosema wametoka Somalia huku Sprakab ikisema usemi wao ni wa Kenya. Mahakama haikuzipiga marufuku ripoti hizo, wala hatudai hivyo. Ilisema mchambuzi abaki ndani ya utaalamu wake. Asijitwike kazi ya kuamua kama mtu anaijua nchi yake au anasema kweli. Aeleze elimu yake imetoka wapi. Na uamuzi wa RB usichukuliwe kuwa kanuni ya kufungia kila mlango. Waziri wa Mambo ya Ndani alishindwa katika kesi hiyo.

Tuliipokea hukumu ile kwa shukrani, na mpaka leo tunaishukuru. Ombi letu ni muitekeleze hadi nyuma. Waliokataliwa kabla ya Mei 2014 kwa ripoti za aina ile bado wapo mijini kwenu. Hukumu haikuwarudishia miaka yao, na wengi hawakuwa na wakili wa kuwaeleza kuwa imetoka. Fungueni majalada ya Wabajuni waliokataliwa kwa sababu ya lugha, myasome upya mmoja mmoja. Si mengi kiasi cha kushinda wizara nzima, maana sisi wenyewe ni watu wachache.

3. Maswali ya visiwa.

Anayehojiwa huulizwa kisiwa chake kina urefu wa kilomita ngapi, kimepakana na vipi, kina vijiji vingapi. Wengi wetu hawajawahi kupima kisiwa kwa kilomita. Safari kwetu hupimwa kwa upepo: mwendo wa Koyama hadi Kismayu wakati wa kusi si ule wa kaskazi, na mwenye mashine hujibu tofauti na mwenye tanga. Msichana aliyekulia uani anaweza asijue jina la kisiwa cha tatu, lakini akajua ni nyumba gani hupikwa nini siku ya arusi na ni nani humwosha maiti mwanamke.

Mkitaka kumjua Mbajuni, muulizeni alichoishi. Mwulizeni mzee jinsi kasa alivyokuwa akivuliwa kwa yule samaki wa kunata, mwenye kufungwa kamba mkiani na kuachiwa majini akamgande kasa. Mwulizeni mwanamke maji ya kunywa yalitoka kisima kipi na kiangazi walifanyaje. Mwulizeni aliyekulia kambini majina ya waliolala hema moja naye. Kisha pigeni simu kwetu, tuwaulize wenzetu wa kisiwa kile, tuwajibu. Wakili mwenye bidii hufanya hivyo sasa hivi, kwa gharama yake. Sijaelewa kwa nini serikali isifanye.

Na mkalimani awe anaijua lahaja. Mnatuletea mtu wa Kiswahili cha Kongo au wa bara ya Tanzania, mtu mwema asiyejua kusi ni nini wala dago, naye anatafsiri anachodhani amesikia. Wakati mwingine analetwa mkalimani wa Kisomali kwa kuwa fomu imeandikwa Somalia. Kosa dogo la tafsiri katika mahojiano ya kwanza hurudi katika barua ya kukataa likiitwa kujipinga.

4. Karatasi.

Mnaomba cheti cha kuzaliwa. Tangu 1991 hakukuwa na daftari la serikali Kismayu la kumwandika mtoto wa Koyama. Hata kabla ya hapo, wengi wa visiwani walizaliwa nyumbani na kuandikwa pembeni mwa msahafu. Ndoa hufungwa na kadhi au shehe, mbele ya mashahidi, na aghlabu haina cheti. Pasi za Somalia zilizotolewa baada ya Januari 1991 nyinyi wenyewe kwa miaka mingi hamkuzikubali. Mtu afanye nini?

Upande wa Somalia, mgawanyo wa madaraka uliokubaliwa Arta mwaka 2000 ulizipa koo kubwa nne fungu moja moja, na jamii nyingine zote zikapewa nusu fungu. Mbajuni yumo ndani ya nusu hiyo, pamoja na wengine wengi. Asiye na ukoo wenye nguvu hana wa kumdhamini afisini. Upande wa Kenya, Mbajuni aliyekuja na vita huitwa Msomali, na hata Mbajuni aliyezaliwa Lamu kwa miaka mingi ametakiwa kuthibitisha zaidi ya jirani yake ndipo apate kitambulisho. Kisha anafika kwenu anaambiwa arudi Kenya.

Mambo yamekuwa magumu zaidi tangu sheria yenu ya uraia na mipaka ya mwaka 2022. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 28 Juni mwaka huo, haitoshi tena mtu kuonyesha kuwa huenda ni kweli yeye ni Mbajuni. Lazima aonyeshe kuwa kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni kweli kuliko kuwa si kweli. Mwenye kumbukumbu za serikali iliyosimama ataivuka ngazi hiyo. Aliyetoka mahali ambapo serikali ilivunjika na daftari likapotea ameongezewa mzigo kwa ajili ya msiba wake mwenyewe. Majaji, angalau katika hili mna nafasi: ushahidi wa wazee, wa majirani wa kambini na wa jamaa waliokwisha kubaliwa upewe uzito unaostahili karatasi, pale ambapo kila mtu anajua karatasi haikuwahi kuwepo.

Nawakumbusha pia kuwa hali yetu mliiandika wenyewe. Septemba 2000 ujumbe wa pamoja wa Uingereza, Denmark na Uholanzi ulikwenda Nairobi, ukahoji watu, ukaandika ripoti juu ya jamii za wachache wa Somalia. Wabajuni wamo ndani yake, na mateso yao yamo. Afisa anayeandika leo kuwa hakuna dalili za kumtosheleza aanzie kabati la afisi yake.

5. Mtu asiyerudishika.

Hili ndilo linalonifanya niandike kwa hasira, nanyi mniwie radhi. Mnapoamua kuwa mtu ni Mkenya, mnamaliza kazi yenu kwa upande mmoja tu. Kenya humtambua raia wake kwa usajili: alama za vidole, kitambulisho, wazazi walioandikishwa. Mtu asiyewahi kusajiliwa Kenya haonekani Kenya. Hawezi kupelekwa Nairobi kwa sababu Nairobi haimjui, wala hapelekwi Kismayu kwa sababu mmeshasema si kwao. Anabaki kwenu. Haruhusiwi kufanya kazi, analala sebuleni kwa watu, anaugua moyo. Kijana aliyefika ana miaka ishirini anapindukia thelathini hajaoa, hajasoma, hajamtumia mama yake hata shilingi, na mama anadhani mwanawe amemsahau.

Tunaomba kanuni moja iliyo wazi. Mkishasema Mbajuni ni Mkenya, iandikieni serikali ya Kenya mara moja, na majibu yasubiriwe kwa miezi sita. Kenya ikimkubali, sheria ichukue mkondo wake. Isipomkubali, uamuzi wenu ufutwe na ombi lisikilizwe upya na afisa mwingine.

6. Familia, na wakili.

Katika mji kama Glasgow, wenye chuo kikuu tangu 1451, watu wawili wanaweza kuwa katika basi moja. Mmoja ni mhadhiri aliyeajiriwa kutoka nje. Afisi ya chuo humjazia fomu za viza, humlipia wakili, na mkewe na watoto huja pamoja naye. Tunamtakia heri, tena tunatamani vijana wetu wafikie cheo chake. Wa pili ni mvuvi wa Chovai aliyekubaliwa kuwa mkimbizi baada ya rufaa mbili, na mkewe yuko Mombasa na watoto watatu. Huyu ndiye mwenye kesi ngumu zaidi, na ndiye asiye na mtu.

Angalau Uskoti haikufuata njia ya England na Wales katika msaada wa kisheria. Kule, tangu Aprili 2013, kesi nyingi za uhamiaji, pamoja na maombi ya mkimbizi kuwaita jamaa zake, ziliondolewa katika msaada unaolipwa na serikali, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee ambayo kuiomba kwenyewe kunahitaji mwanasheria. Kabla ya hapo yalikwisha anguka mashirika mawili yaliyokuwa tegemeo: Refugee and Migrant Justice mwaka 2010 na Immigration Advisory Service mwaka 2011. Wateja wao waliachwa katikati ya kesi. Na mtu wa jamii yetu anayejua kusoma fomu hawezi kumshauri mwenzake, kwani sheria yenu ya 1999 inafanya kuwa kosa la jinai kwa asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji. Naielewa sababu yake: matapeli ni wengi, na baadhi yao ni wetu. Lakini mkimzuia jirani kusaidia na mkaondoa fedha za wakili, mnategemea nani amsaidie?

Kisha Septemba 2025 mkasimamisha kupokea maombi mapya ya kuunganisha familia za wakimbizi. Mkimbizi akaelekezwa njia ya kawaida ya wenza, inayotaka kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mtu aliyezuiwa kufanya kazi kwa miaka akisubiri uamuzi wenu atakipata wapi kipato hicho mara tu baada ya kukubaliwa? Fungueni tena njia ile. Na mkiifungua, ipimeni familia ya Kibajuni kama ilivyo. Bahari na bunduki vimeacha mayatima wengi, nao hulelewa na shangazi, na mama mdogo, na bibi. Hawana karatasi za mahakama za kuasiliwa kwa kuwa hakukuwa na mahakama. Kipimo cha vinasaba kitawaambia kuwa mtoto si wa mwanamke huyu, nalo ni kweli, lakini ni yeye aliyemnyonyesha na kuvuka naye bahari.

Kwenu mawakili na wahadhiri wa sheria, ombi langu ni la namna nyingine, maana nyinyi hamjatukosea. Vyuo vyenu vina wanafunzi wanaotafuta kesi za kujifunzia na kliniki za sheria zinazofanya kazi bila malipo. Chukueni majalada ya zamani ya Wabajuni, yale ya kabla ya 2014, myapekue mkitafuta ripoti za lugha zilizovuka mipaka ambayo Mahakama ya Juu imeiweka. Idara za isimu zishirikiane nanyi, wawepo watu wenye elimu ya Kiswahili cha kaskazini wa kusikiliza kanda upya. Wateja wadai nakala ya sauti yao wenyewe, kwani wengi hawajui kuwa wanaweza kuiomba. Wazee wa Kismayu, Mombasa na Lamu tutatoa ushahidi wetu kwa simu au kwa maandishi, kwa majina yetu kamili, tukiapa. Tunachotaka kwa mchambuzi wa lugha ni kile tunachojitolea wenyewe: ajulikane kwa anayeamua kesi, aseme amejifunza wapi, akubali kuulizwa.

Mheshimiwa Waziri, katika yote niliyoandika, mawili hayahitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Kwanza, agizo kwa maafisa kwamba ombi la Mbajuni lisikataliwe kwa ripoti ya lugha pekee, na kwamba historia ya mtu, hasa miaka aliyokaa Kenya, iandikwe kwa ukamilifu kabla ya kanda kupelekwa kwa mchambuzi. Pili, orodha ya Wabajuni waliokataliwa na ambao Kenya haijawapokea, ianze kupitiwa mwaka huu, ikianza na waliosubiri zaidi. Wapo ambao wazazi wao nimewazika. Wapo ambao wazazi wao bado wanakuja kuniuliza baada ya sala ya Ijumaa kama kuna habari.

Tunaomba mjibu kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, mkitaja kila ombi na uamuzi wenu juu yake. Nakala wapeni mawakili wanaowatetea watu wetu Glasgow na London, kwa kuwa posta haifiki visiwani.

Wenu kwa heshima,

Mzee wa Koyama,
Kismayu